Vitabu Vinavyojibiwa

Lavonne aliwakanya mama yake na shangazi yake tangu kwenye maegesho ya chuo. "Nawaomba jamani, humu si kanisani. Midomo funga."

"Kwani sisi watoto?" Shangazi Vernell akang'aka, akiiweka sawa kofia yake ya Jumapili, ingawa ilikuwa Jumanne na Atlanta nzima ilikuwa inavuja jasho.

Siku hiyo Lavonne alikuwa anaitetea tasnifu yake ya udaktari. Ujana wake wote ulikuwa umeishia kwenye vitabu ambavyo wanawake weusi huwaandikia wenzao: namna ya kujipenda, kupumzika, kumwambia bosi hapana. Alidai kwamba vitabu hivi havisomwi kimya. Husomwa kwa sauti, saluni na jikoni, na wasikilizaji hujibu kama wanavyomjibu mhubiri. Asipoaminika, itabidi aandike upya, na nguvu hizo hana tena, wallahi hana.

Ndani ya chumba cha mtihani, kiongozi wa watahini, Profesa Odessa Prewitt, mweusi mwenzao, mama asiyecheka ovyo, akavua miwani. "Binti, anayetafuta faraja kitabuni hujifungia chumbani. Mimi hujifungia. Hebu nisomee hapo panapojibiwa."

Lavonne akachukua kimoja cha vitabu vile. Akakifungua. "Dada, umewabeba wote."

Kule nyuma, mama yake alikuwa ameng'ata leso.

"Umembeba mume, umebeba watoto, umeibeba kwaya..."

"Mmh!" ikamponyoka Shangazi Vernell.

"...na sufuria lako wameondoka nalo, hata kurudisha hawajarudisha!"

"Sema, mwanangu!" Mama mtu akainuka. "Sema, usiogope!"

Lavonne alitamani ardhi immeze. Lakini utamu ulishamkolea, sauti ikapanda yenyewe. "Sasa wewe nani akubebe?"

"Nani?" wakaitikia wale wawili.

"Nauliza, nani?"

"Waulize! Waulize tena!" Meza ikapigwa kofi, puu!

Safari hii sauti haikutoka nyuma. Watu wote wakageukia mbele. Profesa Prewitt alikuwa wima, mkono juu, machozi yanamchuruzika mashavuni. Akajiona alivyo. Akaketi taratibu, akapapasa miwani mezani asiione.

Shangazi Vernell akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Rudia," profesa akasema kwa sauti ndogo. "Hapo pa nani akubebe. Nyumbani sina wa kunisomea."

Lavonne akarudia, na chumba kizima kikamjibu.