Resori ya Kushoto

Watu wa mtaa wa Mapendo walilitambua gari la Kuluthumu, lile jipu lake, kwa mbali, hata kabla ya kuona rangi yake, kwa namna lilivyokaa: pua juu, makalio chini, na upande wa kushoto umelala kuliko wa kulia. Likipita kwenye mawe meusi ya barabarani lilikuwa linajivuta kama mtu aliyebeba ndoo ya maji mkono mmoja tu.

Lilikuwa jipu la zamani, la chuma kizito. Mumewe, Mohamed, aliliendesha miaka kumi na tisa kwenye njia ya Vitshumbi, akileta samaki wa ziwa hadi sokoni Goma. Samaki wa chumvi walidondosha maji yao njia nzima, na kwa kuwa tundu la kutolea maji lilikuwa kushoto, ni upande huo uliokunywa chumvi miaka yote hiyo. Halafu Mohamed akapatwa na ugonjwa wa kupooza. Ulimshika asubuhi akitawadha, ukamchukulia mkono na mguu wa kulia, na ukamchukulia pia maneno. Yaliyobaki yalikuwa vipande tu: mwanzo wa neno, mwisho haupo.

Jipu likakaa uani miezi minane. Kuku wakataga chini yake. Mwezi wa tisa Kuluthumu, mwenye miaka arobaini na nane na ambaye hakuwahi kushika usukani hata siku moja, akaenda kujifunza kuendesha. Majirani walicheka, kisha wakachoka kucheka, kisha wakaanza kumwita awabebee mizigo.

Siku aliyokuja Séraphine ilikuwa Jumatatu. Alikuwa mwanamke mrefu wa milima ya Masisi, aliyekuwa amekaa miaka miwili kambini pembeni mwa mji na wenzake wa kijiji, chini ya mahema ya plastiki. Sasa walikuwa wamerudi kwao na kulima. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, ila ya kusaga walikuwa wakiyabeba kichwani saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. Ndipo wanawake thelathini wa kikundi chao walipojikusanya na kununua mashine ya kusagia, kinu cha chuma pamoja na moteri yake. Mashine ilikuwa stoo, hapa hapa Goma, ikingoja gari.

"Wenye magari banakataa ile mulima yetu," Séraphine alisema. "Banasema njia imeoza."

"Na miye, gari yangu hauione?" Kuluthumu akamuuliza. "Juzi nimebeba magunia ya maharagi, tairi ikasugua bodi mupaka ikatoka moshi. Sasa mashine ya chuma?"

"Ninaiona, mama. Lakini weye haujakataa bado."

Kuluthumu alicheka bila kutaka. Alimwambia arudi Jumamosi, kisha akatuma mtu kumwita Cubaka.

Cubaka alikuwa fundi kutoka upande wa Bukavu, mwenye mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Alilala chali chini ya jipu, akagonga hapa na pale kwa spana, akatoka akiwa na tope mgongoni.

"Resori za nyuma zimechoka," akasema. Resori ndizo zile springi za vyuma bapa, vimelaliana kimoja juu ya kingine kama vitabu, vyote vimepinda ili kuubeba mwili wa gari. "Munaona? Zilipaswa kupinda, sasa zimenyooka kama rula. Lakini si tatizo kubwa, mama. Ninaweka jimeli ndefu, vile vyuma viwili vinashika mwisho wa resori. Gari inapanda juu, kesho saa sita nimemaliza."

"Itabeba mashine?"

"Itabeba hata kanisa."

Kesho yake asubuhi Cubaka alianza kazi. Mohamed alikuwa ameketishwa kwenye kiti chake chini ya ukingo wa paa, na Kuluthumu karibu naye akichambua mboga za lengalenga. Cubaka aliinua jipu kwa jeki, akatoa jimeli fupi, akafunga ndefu. Kweli upande ule ulipanda. Kuluthumu akaanza kupumua.

"Fung..." Mohamed akasema.

"Ndiyo, muzee, ninafunga," Cubaka akajibu kwa furaha. Alichukua spana kubwa, akakaza zile bolti zilizopinda, zinazoikumbatia resori na kuibana kwenye eksili, chuma kinachounganisha magurudumu.

"Fung! Fung!"

"Nimefunga, muzee! Imekaza muzuri." Akamgeukia Kuluthumu, akashusha sauti kana kwamba mzee hakuwapo. "Anataka tu kusaidia, masikini."

Mohamed akapiga mkono wa kiti kwa ngumi ya kushoto, na uso wake ukakunjamana kwa hasira. Maneno ya kumtuliza yalikwisha kufika mdomoni mwa Kuluthumu, yale yale ya kila siku: tulia, Baba Alima, usijichoshe. Lakini macho yake yalianguka kwenye ule mkono wa kushoto. Ngumi ilikuwa imefunguka, na vidole vilikuwa vimeshika kitu kisichoonekana, vikikizungusha. Vilizunguka kwenda kushoto. Vikarudi, vikazunguka tena kwenda kushoto.

Kuluthumu alikuwa amebadilisha matairi ya kutosha kujua bolti inakazwa kwenda upande gani.

"Cubaka," akasema, "hasemi funga. Anasema fungua."

"Fungua nini tena, mama?"

"Hizo bolti. Fungua resori yote."

"Mama Alima, kufungua hii ni siku muzima! Bolti zina kutu ya miaka. Na gari imeshasimama, angalia mwenyewe!"

"Gari ni ya nani?"

Cubaka aliiweka spana chini. Alimtazama yeye, akamtazama mzee, akatema mate pembeni na kwenda kutafuta mafuta ya kulainisha kutu.

Ilichukua hadi alasiri. Bolti mbili zilikubali, ya tatu ikakatwa kwa msumeno, ya nne ikapigwa nyundo mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Bamba la chini lilipodondoka, Cubaka aliivuta resori nje, akakifuta kwa kitambaa kile kirefu cha juu kabisa, chuma mama kinachobeba vingine vyote. Akaacha kufuta. Akakielekeza kwenye mwanga ili Kuluthumu aone.

Katikati kabisa, mahali palipofichwa na bamba, kwenye tundu la bolti ya kati, palikuwa na ufa. Ulikuwa umekula zaidi ya nusu ya upana wa chuma. Ndani yake kutu ilikuwa nyeusi, ya siku nyingi.

"Na ile mashine juu yake," Kuluthumu akasema polepole, "ku ule mulima..."

Hakumaliza. Alijiona kwenye kona, bonde chini, Séraphine nyuma na mashine, na kile chuma kikikatika. Akaketi juu ya tairi.

Cubaka alivua kofia, akaenda kuchuchumaa mbele ya kiti cha Mohamed. "Muzee, ulijua je? Haukuangalia hata chini."

Mohamed aligusa sikio lake. "Ka," akasema. "Ka. Ka."

Hapo Kuluthumu alishika kichwa. Miezi na miezi, kila jioni alipoingiza gari uani na magurudumu yakapanda kile kizingiti cha jiwe, mume wake alikuwa akisema "ka, ka." Naye alikuwa akimjibu kutoka kwenye usukani: nimeshakaribia, baba, asante. Aliamini anamkaribisha nyumbani. Kumbe alikuwa akimwigizia mlio wa chuma.

"Nisamehe," akamwambia mbele ya fundi, bila aibu. "Ulikuwa unasema, sikusikia."

Mohamed alitikisa mkono wake mzima, kama mtu anayefukuza nzi. Kisha akaelekeza kidole upande wa kulia wa jipu, akainua vidole viwili.

"Zote mbili," Kuluthumu akatafsiri.

"Zote mbili," Cubaka akakubali, na safari hii hakubisha.

Jumatano Cubaka alikwenda Birere kwa wauza vyuma vya magari yaliyokufa, akarudi adhuhuri akisukuma tshukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali, na juu yake chuma mama kizima cha jipu la umri ule ule. Vingine vya pande zote mbili vilikuwa havina ufa, vilikuwa vimenyooka tu. Hivyo akavilaza kimoja kimoja juu ya kipande cha reli na kuvipiga kwa nyundo nzito, baridi hivyo hivyo, pigo baada ya pigo, akivirudishia upindo wake. Kila alipomaliza kimoja alikipeleka kwa Mohamed. Kuluthumu alivuta kamba kutoka ncha hadi ncha, na Mohamed aliweka vidole kati ya kamba na chuma. Vinne vikiingia vimebanana, alitikisa kichwa kukubali. Vitatu tu vikiingia, alisema "rudi," neno zima, na Cubaka alirudi kwenye reli akinung'unika.

Kuluthumu mwenyewe ndiye aliyepaka grisi kati ya chuma na chuma, hadi kwenye viwiko. Jimeli ndefu zilitolewa, zikarudishwa zile fupi za mwanzo.

Alhamisi saa tisa jeki ikashushwa. Jipu likatua, likatikisika, likasimama. Uani watu walikuwa wamejaa kutazama, wakaangua kicheko. Sasa makalio yalikuwa juu na pua chini, kama kuku anayedonoa.

"Mama Alima, sasa inataka kuruka!" jirani mmoja akapaza sauti.

Kuluthumu alilizunguka jipu. Baada ya taabu yote ile? Alimgeukia Cubaka, naye Cubaka akawa anajikuna shingo. Ndipo aliposikia nyuma yake:

"Mu... zi... go."

Mohamed alikuwa ameinama mbele, mishipa ya shingo imemtoka. Neno lilikuwa limefika mwisho. Kuluthumu alilisikia lote, tangu mwanzo hadi mwisho.

"Muzigo!" akapiga kelele. "Haina muzigo, njo maana! Ninyi munaocheka, pandeni. Pandeni bote!"

Wakapanda. Kwanza wawili, kisha wanane, kisha mama muuza mkaa aliyekuwa na mwili wa watu wawili akasukumwa ndani kwa vicheko, hadi wakawa kumi na mmoja wamebanana nyuma. Jipu lilishuka taratibu, kidole baada ya kidole, likasimama. Cubaka alipima kwa kamba kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye bodi. Kushoto, kisha kulia.

"Sawa sawa," akasema. "Sawa sawa kabisa!" Naye akaenda kumshika Mohamed mkono, ule wa kushoto, kwa mikono yake yote miwili.

Jumamosi alfajiri mashine ilipakiwa na kufungwa kwa kamba. Séraphine alikaa nyuma, mkono juu ya moteri kama anayemshika mtoto asiamke. Kuluthumu alipokuja kumuaga mume wake alimkuta amevaa kofia yake ya safari.

"Na mi," Mohamed akasema.

Walimwinua wawili, wakamweka kiti cha mbele, wakamfunga kwa mkanda na kwa kitenge. Ilikuwa mara ya kwanza kupanda gari hilo tangu siku ile ya kutawadha.

Hadi Sake, chini ya milima, hakukuwa na shida. Baada ya hapo njia ilianza kupanda, na utelezi ukaanza. Kwenye kona moja mvua ilikuwa imechimba mtaro unaokata njia kutoka upande hadi upande. Kuluthumu alisimama. Zamani angeshuka, ahesabu hatua, asali, kisha apite bila kumwuliza mtu. Safari hii alimtazama aliyekaa kando yake.

"Baba Alima, nifanye je?"

Mohamed aliuangalia mtaro. Akaulaza mkono wake mshazari hewani: gurudumu moja kwanza, halafu lingine. Kisha akaushusha chini kabisa: polepole.

Aliingia mshazari. Gurudumu la mbele likazama, likatoka. La nyuma kushoto likazama, na uzito wote wa mashine ukaegemea upande ule. Wote watatu walisikiliza. Resori ilikunjika, ikalia kidogo kwa grisi mpya, ikainuka. Hapakuwa na mlio mwingine. Jipu likapanda ng'ambo.

Nyuma, Séraphine alianza wimbo wa kanisani, na hakunyamaza tena hadi kijijini.

Wanawake walikuwa wakingoja kando ya njia, miti ya kubebea begani. Waliishusha mashine kwa kelele na kuelekezana, kila mmoja akiwa msimamizi, wakaiweka chini ya banda jipya la mabati. Moteri ilikohoa mara tatu, ikawaka. Debe la kwanza la mahindi likamiminwa, na unga ulipotoka Séraphine aliukinga kwa viganja, ungali na moto, akaja nao mbio hadi dirishani na kuumimina katika kiganja cha Mohamed.

"Mama Alima," kisha akasema, akipangusa macho kwa kitenge, "tuko na viazi hapa. Vinaharibika, hakuna gari ya kuvishusha Goma. Leo hamurudi bure. Na Jumamosi ile ingine, mutakuja?"

Kuluthumu alikuwa na jibu tayari mdomoni. Alilimeza, akamgeukia mume wake, akangoja. Séraphine naye akaelewa, akangoja. Mohamed alikuwa akilitafuta neno lake bila haraka, unga kiganjani, midomo ikijiandaa.

"Tu..." akasema. "Tuta... kuja."

Nyuma ya jipu wanawake walikuwa wameshaanza kugombana gunia la nani lipakiwe kwanza.