Kidole Changu kwenye Kioo cha Mathi

Wivu? Ndiyo, wivu, sitauita jina jingine. Miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya mashine za kusokota uzi hapa Dindigul, kusini mwa India, miguu imevimba kama idli, vile vitumbua vyetu vya mvuke, halafu nimwone Valarmathi akipigiwa makofi kantini! Huyo Mathi, niliyemfundisha mwenyewe kuunga uzi uliokatika. Atakayeniambia yeye roho isingemuuma, mwongo.

Tulikuwa majirani: mimi mashine ya kumi na nne, yeye ya kumi na tano. Kila mashine ina kioo cha kugusa, na ikisimama unabonyeza picha ya sababu: uzi, umeme, au gurudumu la meno kama gia ndiyo mbovu. Zamani kioo kilikuwa siri yako na mashine yako. Ukikosea unafuta, maisha yanaendelea. Baada ya sikukuu ya Pongal wakakiunganisha na ofisi ya juu, na Bwana Ilango, msimamizi wetu, akatukusanya.

"Kina mama, mkibonyeza hapa, juu wanajua papo hapo. Oda, vipuri, tarehe za wateja, vyote vitafuata mnachobonyeza."

"Na nikipiga chafya?" nikamuuliza.

Wakacheka, nami nikacheka, nikadhani somo nimelimaliza.

Nilichokielewa mimi ni kile kibao cha kantini tu, kila mashine na rangi yake: kijani ikizunguka, nyekundu kila ikisimama. Ya Mathi kijani Jumatatu, kijani Alhamisi, kijani kila siku ya Mungu. Yangu haikosi nyekundu mbili tatu kwa zamu, maana ni kuukuu, mikono yangu haina kosa. Naye anapita na asumini yake kichwani, "Dada Pechi, umeshakunywa chai?" Hata huo upole wake uliniudhi.

Halafu ikatangazwa kwamba mmoja wetu ataondolewa kwenye mashine awe mwalimu wa wasichana wapya. Kiti, jamani! Na meza yake! Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba miguu hii haitamaliza mwaka mwingine wa kusimama, na mimi kazi nyingine sijui. Jina lingesomwa Ijumaa. Kantini nzima ikawa, "Ni Mathi tu, hamuoni kijani chake?" Mmoja akanitazama usoni akasema, "Mwenye wivu ajinyonge."

"Kamba utaninunulia wewe?" nikamjibu. Lakini sahani nikaisukuma kando.

Jumatano saa nne asubuhi Mathi akanigusa bega. "Dada, nitazamie mashine, nakwenda msalani mara moja."

Hiyo ni desturi yetu tangu kabla ya vioo. Jirani akiondoka, mashine yake ni yako, uzi wake ukikatika unauunga kama wako. Sijawahi kusikia mtu aliyeivunja.

Nikasimama mbele ya kumi na tano. Inanguruma vizuri, nzima kabisa, na uzima wake ukanichoma. Nikaizima. Nikabonyeza gurudumu la meno. Nilitaka nyekundu moja tu, wallahi, moja! Ionekane kantini wakati wa chai, kisha nifute. Nikaenda kufuta, kioo kikaandika: *Ofisi imepokea.* Nikabonyeza tena na tena, wapi!

Mathi hajarudi, fundi Duraipandi huyo na sanduku lake. Akafungua kifuniko, akazungusha gia kwa mkono, akatega sikio.

"Nani kaisikia gia ikilia?"

"Mimi."

"Mbona mimi sisikii kitu? Haya, ofisi imeshaifunga mashine na imeshaagiza gia Coimbatore. Mpaka hiyo mpya iingie, hata mimi siwezi kuiwasha. Wiki tatu."

Mathi akatufikia akikausha mikono kwa upindo wa sari. Akaitazama mashine iliyokufa, akanitazama mimi.

"Imelia, dada?"

"Ililia."

"Haya," akasema.

Saa haikupita, kioo changu nacho kikabadilika chenyewe. Oda ya uzi namba themanini, iliyokuwa ya Mathi, ofisi imenihamishia mimi. Uzi mwembamba kuliko nywele, unakatika ukiutazama vibaya, na juu ya mashine kuukuu! Nikawa nakimbia huku na huko, naunga hapa, unakatika kule.

Mchana Bwana Ilango akaja. Hakungoja Ijumaa.

"Mathi, wasichana kumi na wawili wanafika kesho, na zamu nzima asiye na mashine ni wewe peke yako. Ofisi imekutoa wewe. Utakuwa mwalimu."

Kisha akanigeukia mimi, akashusha sauti. "Jina la Ijumaa lilikuwa lako, dada Pechi. Miaka yako tuliihesabu. Lakini sasa una oda ya themanini, na mteja ameshapewa tarehe. Nikikutoa wewe, nani ataunga uzi huo?"

Lilikuwa langu! Ningeweza kusema hapo hapo. Bwana Ilango, gia ni nzima, kidole ni changu. Lakini nikisema, lango liko pale, nitaonyeshwa. Nikarudi kwenye nyuzi zangu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi niliingia nikiwa macho.

Kesho yake Mathi akaja na wasichana wake, wametoka vijijini, mafuta bado yanang'aa nywelini. Akawapanga nyuma yangu.

"Tazameni mikono hii. Dada Pechi ndiye aliyenifundisha mimi. Sasa nawauliza: mwenzako akikuomba umtazamie mashine, unafanya nini?"

Wakatazamana. Mathi akanisogelea, sauti ile ile ya *umeshakunywa chai*.

"Waambie wewe, dada. Wakisikia kwako hawatasahau."

Nyuzi tatu zilikatika kwa pamoja. Sikuziunga. Miguu ilikuwa inawaka moto, na macho kumi na mawili mara mbili yananitazama, na ya Mathi juu yake.

"Unaitazama," nikasema. "Mikono unaiweka nyuma."

"Mmesikia?" akasema Mathi. "Haya, twendeni mashine nyingine."