Karafuu Katika Jino la Ogola

Ogola aliingia kliniki ya Daktari Nelvine na pakiti ya chai mkononi, akaketi kwenye kiti cha meno bila hata kuvua koti.

"Daktari, nibandikie hilo jino leo. Kesho wanunuzi wanakuja kiwandani, na ni mimi naonja mbele yao."

Ogola alikuwa mwonja chai kwa miaka ishirini na miwili, na kiwandani neno lake lilikuwa sheria. Wiki mbili zilizopita jino lake la mbele lilivunjika. Nelvine alilichonga, akalivika jino la muda huku wakingoja kofia ya kudumu ya jino itoke maabara. Sasa ilikuwa imefika, kauri safi, kazi ya kujivunia.

"Na hiyo pakiti ni ya nini?"

"Ni ya Phelix, yule wa mashine ya kukausha. Chai yote inapitia kwake, na wiki mbili hizi yote inanuka karafuu. Wenzangu eti hawasikii kitu, lakini huu ulimi haujawahi kunidanganya. Ijumaa akafutwa. Sasa huko kijijini Sigowet wanasema nimemwonea. Onja mwenyewe, daktari."

Nelvine aliipokea pakiti, akakumbuka. Siku ile ya kuvika jino la muda, gundi yake ya kawaida ya muda ilikuwa imekwisha, akatumia ile ya kizamani yenye mafuta ya karafuu. Hakumwambia Ogola. Nani humweleza mgonjwa kila kitu?

Kabatini kulikuwa na gundi mbili za kudumu. Ya kisasa ndiyo pekee ingeweza kushika kile kisiki kilichobaki, kifupi kama punje ya mahindi, lakini haipatani na karafuu. Jino likishanywa mafuta yale, gundi hiyo haigandi sawasawa mpaka wiki ipite. Ile nyingine ingeshika siku tatu, labda nne. Siku tatu zingetosha kabisa! Wanunuzi wangekuja na kuondoka, harufu ingepotea, na kiwanda kizima kingesema unaona, ilikuwa ni Phelix. Nelvine aliwaza hayo yote kwa muda wa kuvaa glavu, akajichukia.

Aliling'oa jino la muda, akasafisha, akamwambia Ogola asukutue, tena na tena. Kisha akachemsha maji, akatia majani ya ile pakiti.

"Onja sasa, mzee."

Ogola alivuta chai kwa ile nguvu ya waonja, na pengo likapiga mluzi. Akatema. Akavuta tena. Uso wake ukabadilika.

"Hii chai ni safi," alisema polepole. "Ni safi sana. Karafuu imeenda wapi?"

Nelvine alimwekea lile jino la muda chini ya pua. "Ilikuwa hapa. Ni mimi niliiweka, na sikukuambia."

Taa ya kiti ilimmulika mzee usoni na hakuwa na pa kugeukia. Hatimaye alimshika Nelvine mkono.

"Nibandikie tu, msichana wangu. Tunyamaze. Ukisema, wewe umeisha, na mimi nimeisha."

Lilikuwa wazo la Nelvine mwenyewe lile, na kinywani mwa mwingine lilisikika baya zaidi. Hata hivyo mkono wake ulikwenda kabatini, ukaishika chupa ya ile gundi nyingine, ya siku tatu. Aliishika hata ikapata joto. Mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyemzuia kutoka, lakini angekwenda wapi?

Akairudisha chupa. Kofia nayo akaitia kwenye kijisanduku chake.

"Utakaa na pengo wiki moja, mzee, mpaka karafuu itoke jinoni. Kesho wakiuliza, waambie ni mimi. Nitaandika barua na kuweka sahihi. Lakini kwanza nipe namba ya Phelix."

Ogola alifumba macho. Yeye na Phelix walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa, hakuhitaji kuangalia simu. Alianza kuitaja, sifuri, saba, sita, na kwa kila tarakimu pengo likapiga mluzi.