Ukuta wa Bi Sichana

Thuwaiba alikuwa na mwaka wa kumi na moja katika ofisi ya vibali vya ujenzi, na kila Januari yeye ndiye aliyeandaa taarifa ya mwaka. Safari hii vibali vya nyumba za kuishi vilikaribia mara tatu ya vile vya miaka mitano nyuma. Mashamba ya pembezoni yamegeuka viwanja, na mtaa wa Ng'ambo watu wanabomoa nyumba za wazee wao wapandishe ghorofa. Wakaguzi walikuwa wawili tu, kama zamani. Hilo aliliandika ukurasa wa mwisho. Mkuu wake, Bwana Mudrik, akalifuta.

"Wakubwa wanataka kuona mji unakua," alimwambia. "Ya wakaguzi tutazungumza wenyewe."

Mwezi wa Machi akaja Bi Sichana, mjane wa Ng'ambo. Jirani yake amechimba msingi mpaka chini ya ukuta wake.

"Nnalala nnasikia mchanga unamwagika, mwanangu."

Thuwaiba alilitafuta faili la jirani. Fomu ya ukaguzi ilikuwa na saini ya Mjaka, mmoja wa wakaguzi. Akamfuata kumuuliza kama kweli alifika.

"Nifike saa ngapi, Thuwaiba? Siku ile nlikuwa na nyumba kumi na tisa."

Mjaka aliahidi kwenda wiki ileile. Hakwenda. Bi Sichana aliporudi, Thuwaiba alimwambia avute subira. Mara ya tatu alimwona kupitia dirisha akiingia uani, akajifungia stoo mpaka bibi alipoondoka.

Masika yalipokolea ukuta ulianguka, adhuhuri, Bi Sichana yumo ndani anasali. Alitolewa maiti.

Kesho yake Bwana Mudrik alilitaka lile faili. Thuwaiba alijua halitaonekana tena. Akalitia mkobani, akaenda nalo msibani. Mardhiya, binti wa marehemu, alimkumbatia.

"Wewe ndiye Thuwaiba? Mama akikutaja sana. Akisema wewe tu ndiye unayemsikiliza."

Thuwaiba alimkabidhi faili. "Ukaguzi haukufanywa. Na alipokuja mara ya mwisho, nlimkimbia. Nlijificha."

Mardhiya alimwachia mkono. "Nenda," alisema, "kabla kaka zangu hawajarudi."

Faili lilifika polisi. Mjaka akakamatwa, peke yake. Thuwaiba akasimamishwa kazi kwa kutoa nyaraka za ofisi. Jirani naye alipewa amri ya kusitisha ujenzi. Mafundi walikaa bila kazi wiki mbili, kisha wakaendelea kupandisha matofali.