Chai ya Maji ya Kok-Suu

Barabara ya mgodi ilifunguliwa kwa sharti moja tu, nalo lilikuwa la Seyilkan. Kila Ijumaa, kijana wa kampuni anayepima maji aje kwenye hema lake, anywe chai iliyochemshwa kwa maji ya mto Kok-Suu yaliyotekwa chini ya mgodi, mto ukishaupita. Anywe mbele ya watu, yeye kwanza, wengine baadaye.

Mwanzoni mwa kiangazi mama huyo alilipiga hema lake katikati ya barabara hiyo, akawafunga farasi wake arobaini kulizunguka, na malori ya kampuni yakakaa siku tisa yakinguruma bure. Wakubwa wa kampuni walimletea makaratasi mazuri yenye picha za maua na mito ya buluu. Aliwawashia samawari.

"Makaratasi hayanywewi," aliwaambia. "Nileteeni mtu wa kunywa."

Akaletewa Tilek, mtoto wa mjini, mwembamba, mwenye miwani. Majirani hawakutaka hata kuisikia hiyo kampuni, lakini vijana wao walihitaji kazi, na ni Seyilkan aliyepita hema kwa hema akiwabembeleza wakubali njia ifunguliwe. "Yakitokea mabaya, nijieni mimi," aliwaahidi. Kwa hiyo jina lake lote, pamoja na farasi ambao maziwa yao yamemlisha tangu afiwe na mume, vilikuwa ndani ya bakuli lile la chai. Alilijua hilo, na usingizi wake haukuwa mzuri.

Seyilkan alimjazia Tilek bakuli mpaka pomoni. Kule malishoni mgeni unayempenda humiminiwa kidogo, nusu bakuli, ili alirudishe tena na tena mkae mzungumze. Ukimjazia hadi ukingoni umemwambia anywe aende zake. Kijana aliielewa salamu hiyo vizuri sana, akanywa hivyohivyo, akijimwagia suruali.

"Anakunywa kama mfungwa," akasema Mambet, shemeji yake Seyilkan, mzee asiyekosa chai ya mtu.

"Maliza, mwanangu," akasema Seyilkan. "Usiniachie tone."

"Apa," akasema Tilek, akimwita mama kama wanavyoita huko, "hii ni wiki ya tisa. Bado huniamini?"

"Tumbo lako naliamini. Wewe mwenyewe, tutaona."

Ijumaa ya kumi Tilek alifika mapema kuliko siku zote, anahema, shati limetoka nje. Seyilkan akamjazia bakuli, akamnyooshea. Kijana hakulipokea.

"Leo sinywi, Apa."

Mambet akaacha kutafuna mkate. Kukataa chai ya mtu mahali pale ni sawa na kumtemea usoni.

"Hunywi?"

"Sinywi, na wewe usinywe." Akamnyang'anya bakuli, akaimwaga chai nje ya mlango.

Seyilkan alipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. "We kijana! Unamwaga chai yangu mlangoni pangu?"

"Bomba la maji machafu limepasuka alfajiri, Apa. Yameingia mtoni. Kiasi gani sijui, bado sijapima. Wakubwa wangu wamekaa wanaandika barua. Barua itafika kesho. Farasi wako wanakunywa leo."

Farasi walikuwa wamekwisha kukamuliwa na kuachiwa, na wale wa mbele walikuwa wanateremka kuelekea mtoni. Seyilkan, na miaka yake sitini na sita, akaruka juu ya farasi wa kwanza aliyemwona, bila tandiko, akawakata njia huku akiwatukana mmoja mmoja kwa jina. Mambet naye akampakia Tilek nyuma yake, wakaenda kuwaonya walioko bondeni.

"Shika kiuno, baba, si shingo! Unaninyonga!"

"Samahani, mzee!"

"Samahani baadaye! Piga kelele, sauti yako ni mpya, watakusikiliza!"

Kabla ya adhuhuri hapakuwa na mnyama hata mmoja karibu na maji. Majirani wakamiminika kwenye hema, nyuso zimekunjamana. Seyilkan akasimama mbele yao.

"Nilisema mnijie mimi. Nipo."

"Tumekuja," akasema mmoja wao. "Lakini tunataka kujua, kampuni ilikuletea habari saa ngapi?"

"Kampuni haijaniletea kitu. Habari kaileta huyo."

Wote wakageuka. Tilek alikuwa amesimama kando, miguu imepanuka, hawezi kukaa wala kutembea kwa jinsi mgongo wa farasi ulivyomchubua. Mtu wa kwanza akacheka, wa pili akafuata, na hasira yote ikaishia hapo.

Meneja wa mgodi alifika mchana na barua yake mkononi, na jicho alilomtupia Tilek lilikuwa la kumfukuza kazi. Seyilkan aliliona.

"Ukimfukuza huyu," akamwambia taratibu, "hema langu halijasahau barabara yako."

Meneja akaikunja barua. Jioni ileile malori yakaanza kuleta maji safi, na yeye mwenyewe akawa anashika mpira wa kumiminia.

Bomba lilizibwa. Baada ya wiki mbili Mambet alisafiri hadi maabara ya mjini na chupa ya maji ya mto, ameipakata mapajani safari nzima, hataki hata kumshikisha mtu mwingine. Alirudi na majibu: maji ni safi.

Ijumaa iliyofuata Seyilkan aliteka maji mwenyewe, chini ya mgodi, akawasha samawari, na watu wakajaa hemani. Tilek akanyoosha mkono kupokea bakuli kama kawaida yake. Akachapwa vidole.

"Subiri zamu yako."

Seyilkan akanywa yeye kwanza, mbele ya wote, bila haraka, mpaka tone la mwisho. Kisha akalisuza bakuli, akammiminia kijana chai. Nusu.

Tilek akaitazama ile nusu bakuli. Miwani yake ilikuwa imeingia ukungu, na hakuifuta.

"Kunywa," akasema Seyilkan, akimsogezea mkate na malai. "Ukimaliza, nirudishie bakuli."