Toroli la Burito

Kijijini kwetu Buswahili wakikuibia ng'ombe hupigi simu polisi, maana utaambiwa gari halina mafuta. Unapiga yowe, na kila nyumba inatoa mtu wa kuwafukuza wezi. Nyumba isiyotoa mtu inatengwa: haisalimiwi, haichoti kisimani, wala hakuna wa kubeba mgonjwa wake. Wezi wanatuogopa sisi, serikali hawana habari nayo.

Burito, mume wa Ghati, alikosa yowe moja tu, malaria imempanda kichwani. Ghati alipiga magoti mbele ya baraza la sungusungu akaeleza. Kamanda wao, Ryoba, hata hakumtazama.

"Sheria haina mgonjwa, shemeji."

Basi akampakia mumewe kwenye toroli, akamsukuma peke yake kwenda zahanati, majirani wakichungulia tu. Burito alikata roho kwenye mteremko wa mawe.

Tangu hapo Ghati akawa anatoka mwenyewe, na panga la marehemu. Walimcheka mpaka wakachoka. Miaka mitatu hakukosa yowe, na shida yake wala haikuwa wezi. Alikuwa anamngoja Ryoba azeeke.

Mwezi uliopita yowe lilipigwa saa nne asubuhi. Ryoba, kifua kimembana, akabaki kitandani. Wanawe wote wako Musoma. Kesho yake barazani Ghati ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Nyumba ya kamanda haikutoka."

"Nilikuwaga naumwa," Ryoba akasema.

"Sheria haina mgonjwa, shemeji."

Sheria kaitunga Ryoba mwenyewe. Wazee wakamtenga.

Siku ya tano Flora, mke wa Ryoba, alikuja mbio. Hakusalimia, alijua hataitikiwa.

"Ghati, hapumui vizuri. Nimebisha kila mlango. Nisaidie tumpeleke."

Ghati alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi na toroli. Alikuwa amelitunza, gurudumu akilipaka mafuta kila Jumamosi.

"Chukua. Sheria imekataza watu, toroli haikulitaja. Ukifika kwenye mteremko wa mawe, egemea nyuma, litakuvuta. Mimi sikuwa na wa kuniambia."

Akakaa kizingitini kungoja. Flora alipopita akihema, Ryoba amekunjwa ndani ya toroli, mzee aligeuza shingo.

"Shikamoo, mama," akasema, yeye aliyemzidi Ghati miaka thelathini.

Ghati alimtazama mpaka wakaanza kushuka. Hakuitikia.