Dakika Nane za Kinanda

Kilichomponza Emmy, mpiga kinanda wa kwaya, ni neno moja tu: mpya. "Leta hicho kinanda nikiwekee programu mpya," Hiram alimwambia Ijumaa, pale kibandani kwake Kibomet, Kitale, anakotengeneza redio na spika. "Sauti zitakuwa tamu, hutaamini." Na kweli zilikuwa tamu. Ila aliporudi nyumbani Lugulu na kuutafuta mdundo wake wa kamabeka, ile ngoma ya kucheza mabega, kinanda kilimwandikia kwa Kiingereza kwamba hakiutambui. Miezi mitatu ya kuupanga, kidole baada ya kidole, jioni baada ya jioni!

Sasa ilikuwa Jumapili, siku ya mashindano ya kwaya kanisani kwao, na wimbo wao wote ulisimama juu ya mdundo huo. Ngoma hawakuwa nazo. Waliziuza mwaka jana, 2006, ili wanunue kinanda, na aliyewashawishi ni Emmy huyo huyo.

Hiram alifika saa nne, vumbi hadi kwenye kope, diski ya programu ya zamani mfukoni.

"Narudisha ile ya kwanza," alisema wakiwa wamejibanza na kinanda nyuma ya pazia. "Mdundo wako bado uko ndani, ni hii mpya haiwezi kuusoma. Dakika nane tu. Lakini stima ikipotea katikati, bana, kinanda kimekufa. Mtakitumia kama meza."

Diski ikaanza kukwaruza. Namba zikaanza kupanda kwenye kioo: tatu, nne, tano kwa mia. Emmy alizifuata moja moja kwa midomo.

Ndipo Mzee Zachary, kiongozi wa ibada, aliposimama mbele ya kanisa lililojaa pomoni akasema, "Tuombe."

Emmy alikuwa amesahau jambo ambalo hata watoto wa kanisa lile wanalijua. Tangu spika ilipokoroma katikati ya maombi ya mazishi, sala ikianza stima huzimwa. Kazi hiyo ni ya Mzee Wekoye, mfagiaji wa kanisa, na hajawahi kuikosa hata siku moja.

Emmy alivua viatu akakimbia kwa vidole vya miguu, kando ya watu waliofumba macho. Alimkuta Wekoye kidole tayari kiko kwenye swichi kubwa ukutani. Akamdaka mkono.

"Kuka, usizime!" alinong'ona, akimwita babu kwa Kibukusu.

"Si ni maombi, wewe?"

"Kinanda kiko kwa operesheni. Ukizima kinakufa." Akamwachia mkono. "Ni makosa yangu, kuka. Nilitaka kitu mpya, nikapoteza ile kamabeka."

Mzee alimkazia macho. "Ile unapiganga jioni nikifagia?"

"Hiyo hiyo."

Wekoye aliifunika swichi kwa kiganja kizima, asije mtu mwingine akaizima, kisha akafumba macho kama mwombaji mwema.

Sala ya Zachary, kama kawaida yake, ilianzia kwenye mvua ikashuka kwenye mahindi. Hiram akachungulia pazia, akainua vidole sita: sitini. Kisha vinane. Emmy aliomba kuliko mtu yeyote mle ndani. Sala ilipofika kwenye mbolea, Hiram akainua dole gumba, meno yote nje. Na kwa kuwa fundi ni fundi, akabonyeza kujaribu. Hakuna aliyekumbuka kwamba kinanda bado kimeunganishwa na spika za kanisa.

Kamabeka ililipuka! Madirisha yakatetemeka, Zachary akaikatiza mbolea katikati. Emmy alitamani ardhi immeze, na papo hapo alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, maana ulikuwa mdundo wake, mzima, haujapungua hata pigo moja.

Kanisa lote likageuka kumtafuta mwenye kazi ya kuzima. Mzee Wekoye alikuwa bado ameikumbatia swichi yake, macho kafumba, na mabega yake yote mawili yalikuwa yanacheza.